Sisi Huku Hatujambo

Meneja Mzungu wa shamba la chai kule Mufindi alikuwa ameirudisha barua ya msiba, na chini yake ameuliza kwa wino mwekundu: "Amekufa nani?"

Paskalina aliitupa mezani kwa Tusajigwe, mwandishi wa barua wa kijiji chao, milimani nje ya mji wa Mbeya. "Soma mwenyewe uone alichoandika mume wangu."

Tusajigwe alivaa miwani, akasoma kwa sauti. "'Baada ya salamu nyingi, sisi huku hatujambo, wote tu wazima wa afya, hofu ni kwako uliye mbali. Neno kubwa ni kwamba mama yake Sedekia amefariki.'" Miwani ikateleza kwa kicheko. "Wote wazima, na maiti yumo!"

"Usicheke, mwenzangu. Ndoa ya Sedekia na Rozalia ni Jumamosi ya wiki ijayo. Bwana harusi akikosa tena mara hii, kaka yangu, baba yake Rozalia, anarudisha ng'ombe wa watu, na binti anampa yule mzee mwenye mashine ya kusaga. Rozalia hali, halali."

"Na meneja hatoi ruhusa ya harusi?"

"Hatoi. Anasema harusi husubiri, maiti haisubiri. Ndiyo maana tukamwua mama mtu."

"Kosa la mumeo si uongo," alisema Tusajigwe akichovya kalamu. "Kosa ni kumwandikia Mzungu kama anayemwandikia shemeji. Shemeji anataka salamu kwanza. Mzungu anataka maiti kwanza."

"Basi mwambie alikuwa ajuza, ameugua siku nyingi."

Kalamu ikasimama hewani. "Ajuza nani?"

"Haya, haya. Andika mama tu."

Barua ikawa mistari mitatu. Bwana Meneja, mama wa kibarua wako Sedekia amefariki. Mazishi yanamngoja yeye, mtoto wa pekee. Aliyekuandikia mwanzo alikuwa amechanganyikiwa kwa msiba. Hakuna aliyesalimiwa, hakuna aliyeulizwa hali.

Paskalina alipoisikia, alipiga makofi. "Hii hata mimi nataka kulia! Lakini marehemu hatachukia?"

"Nimemwuliza. Hana neno."

"Na Sedekia je? Akisomewa hivi ataanguka. Yule na mama yake ni kama kidole na ukucha."

Tusajigwe alitabasamu. "Huyo ana barua yake."

Alichana kipande cha karatasi, akaandika haraka bila kufuta neno. Hii ataichukua dereva wa lori, ampe Sedekia mkononi kabla meneja hajamwita.

"Isome na hiyo," Paskalina alisema, akijiweka vizuri kwenye kigoda. "Sitoki hapa bila kuisikia."

Tusajigwe akakohoa kidogo, akasoma:

"Mwanangu mpenzi, baada ya salamu nyingi, sisi huku hatujambo, wote tu wazima wa afya, hofu ni kwako uliye mbali. Neno kubwa ni kwamba ukiambiwa nimekufa, lia kwa nguvu, halafu panda lori uje uoe. Uniletee na sukari. Ni mimi mama yako, Tusajigwe."