Karatasi ya Ziada

Katika ofisi ya uhamiaji ya Lubumbashi, pasipoti ya Zambia ilikuwa tayari mezani, juu ya diploma ya uhandisi na barua ya mgodi uliokubali kumwajiri. Kangwa alikuwa akisubiri muhuri mmoja tu, wa kumruhusu mgeni kufanya kazi Kongo.

Karani akauinua muhuri, akaupulizia.

"Ngojea kwanza, papa," akadakia shangazi yake, aliyekuja naye kutoka mtaa wa Ruashi amevaa kitenge cha kanisani. Akafungua fundo la kitenge, akatoa kadi ya kura ya Kongo. "Tuko na papier ingine. Huyu haiko mugeni. Iko mutoto yetu, anapigaka kura na siye."

Kangwa akaitambua. Kadi ile, ambayo huku ndiyo kitambulisho, kina shangazi walimchukulia mwaka wake wa kwanza chuoni Kasapa, ili polisi wasimsumbue barabarani. Alidhani imeshapotea.

Karani akauweka muhuri chini, akailaza kadi kando ya pasipoti. Uso mmoja, jina moja. Kidole chake kikasimama mahali pa kuzaliwa: kwenye pasipoti Chililabombwe, kwenye kadi Lubumbashi. Ukucha ukagonga plastiki mara mbili.

"Mugeni hapigake kura huku," akasema polepole. "Nani alitoa ushahidi kama huyu alizaliwa hapa?"

Kangwa akapeleka mkono chini ya meza amfinye shangazi yake. Akagusa kiti kitupu.

Shangazi alikuwa amekwisha simama, mkono juu, uso umejaa tabasamu.

"Njo miye nilitoa, papa. Andika jina yangu muzuri."