Kichupa cha Nyuma

Zama hizo kila mwanandoa alijidunga peptidi, kemikali za mwili wa mwenzake, kila Ijumaa ili aendelee kumpenda, na hakuna asiyejua kuwa zikipata joto huharibika. Ndiyo maana Sauda alichemka moyoni alipokuta kichupa chake kipya kimewekwa mlangoni mwa friji, kando ya achari, ilhali cha Mwanakheri, mtalaka wa mumewe, kimefungwa foili kule nyuma kwenye barafu.

"Kumbe bado anamtunza!" Akavibadilisha nafasi, chake akakifunga foili na kukiweka nyuma.

Jioni Hamduni alisema, "Ngoja nijidunge, mke wangu."

Mlangoni mwa friji hakutazama. Mkono ulikwenda moja kwa moja kule nyuma.

Baadaye alimkumbatia Sauda kuliko siku zote. Sauda alitulia kifuani mwake huku wivu ukimla. Kilichodungwa kilikuwa chake, lakini aliyefuatwa kwenye barafu alikuwa Mwanakheri.