Fidla za Bibi Harusi

Mbaruku, mtunzi wa muziki wa filamu, alikuwa ameketi safu ya nyuma ya ukumbi, ubavuni mwa mwongozaji, Bi Tunu. Ilikuwa siku ya kwanza ya filamu yao kuonyeshwa mjini. Bi Tunu alikuwa ameomba muziki mpya kabisa, akaonya kwamba akipewa kiporo, hawatafanya kazi pamoja tena.

Kwenye pazia, bibi harusi alikuwa mbele ya kioo akichana nywele. Fidla zikaanza taratibu.

"Mungu wangu, anakufa huyu!" akasema mama mmoja aliyeketi mbele yao.

"Nyamaza, Mama Subira, ndiyo kwanza anaolewa," akamjibu jirani yake.

"Huzitambui fidla hizo? Ndizo zilizomzika yule mgonjwa wa filamu ya mwaka jana!"

Jasho likamtiririka Mbaruku mgongoni. Kipande hicho alikichukua kwa mtunzi wa Ulaya aliyekufa zamani, akakitumia kwenye kifo cha yule mgonjwa, wala hakuna aliyeng'amua. Safari hii muda ulimbana, akakirudia.

Bi Tunu akamgeukia polepole. "Mbaruku, mama huyu anasema nini?"

Kilio kilikuwa kimeenea ukumbini, wanawake wakijifuta machozi kwa ncha za khanga. Bibi harusi akainuka, akatabasamu, akaelekea mlangoni. Mbaruku alijua vyema kwamba nje alingojewa na bwana harusi. Hata hivyo alijikuta amekishika kiti kwa mikono miwili, akiomba asiufungue mlango ule.