Mashine Isiyopata Joto

Raudha alishika waya wa kompyuta kuukuu ya kusajili maziwa. Kila asubuhi laini ya wakulima ikirefuka, kompyuta ilikwama na kuchemka, hadi wafanyakazi wa kituo cha maziwa cha Mweiga wakazoea kupashia mikono juu yake.

“Ati unazima saa hii?” meneja alimaka. “Na wakulima wako kwa laini! Ngoja Jumapili.”

“Kwani Jumapili ng'ombe hawakamuliwi?”

Akauchomoa waya.

Kazi sasa ilibaki kwa kijisanduku kipya kando yake, chenye programu aliyoiandika kwa Go, lugha nyepesi ya kompyuta. Meneja akakiwekea kiganja. Baridi kama bati la alfajiri.

“Hii imekufa! Rudisha waya!”

Raudha alifungua dirisha.

Nje, mtungi wa kwanza ulitua kwenye mizani. Papo hapo simu ya mkulima mwenye mtungi ikalia: ujumbe wa kilo zake. Ikalia ya aliyemfuata. Na ya aliyemfuata.

Meneja alikuwa hajaondoa kiganja kwenye kile kijisanduku baridi.