Namba Isiyofutika

Kabla ya alfajiri nilisikia kifuniko cha kopo la vipuri kikigonga sakafu. Mjukuu wangu Shamila, fundi wa redio, alikuwa ameshaamka kwa ajili ya mgeni wetu.

Mgeni, mama mfuga kuku, alifika jana yake kutoka Igunga na mashine yake ya kutotolea vifaranga. Transista yake, kipuri cha kuongoza umeme, ilikuwa imeungua, na za aina hiyo hazitengenezwi tena. Mayai sitini kayaacha nyumbani, binti zake wanayapasha joto kwa blanketi na chupa za maji moto.

Shamila aliifuta kwa thina, ile ya kuyeyushia rangi, transista ya aina hiyo aliyokuwa ameiagiza Dar mwezi uliopita. Namba yote ikahamia kwenye pamba.

"Feki hii. Namba ya kweli haifutiki; hii wameichapa upya."

"Ungenifungia tu, mwanangu," mgeni akasema. "Mimi ningejua nini?"

"Vifaranga wangejua, mama."

Akalivuta kopo la babu yake. Marehemu mume wangu alikuwa akinyofoa vipuri kwenye kila redio iliyokufa, na mtaa wetu wote wa Chemchem ulimcheka. Shamila akatoa transista moja, akaisugua kwa thina mara tatu. Namba ikabaki.

Akailehemu. Mashine ikaanza kupata joto, nami nikajifanya napuliza jiko, ili machozi yangu yasingiziwe moshi.

Mgeni aliingiza kiganja ndani ya mashine, akakiacha humo.

"Wakitotolewa, mje Igunga muwaone," akasema. "Na wewe bibi yake, usikose."