Udi wa Kanzuni

Mvua ilikuwa haijakatika. Badi alikaa sebuleni na kikoi, akiisubiri kanzu yake aliyorudi nayo imelowa chepechepe.

"Mwanaidi, fanya hima! Ijumaa itanipita."

"Naikausha, bwana."

Mkewe aliiviringisha kanzu ndani ya taulo, akaikanyaga mpaka taulo likanywa maji yote, kisha akaipitishia pasi ya mkaa. Mvuke ukapanda, na harufu ya udi ikapanda nao. Akainusa kifuani, akainusa na kolani. Udi wa nyumba hii aliuchanganya mwenyewe, na hajawahi kuutia waridi.

"Tayari?"

"Tayari, mume wangu."

Akatoka uani na kanzu iliyonyooka, akaianika kambani, akaibana kila bega kwa kibanio, mvua ikiipiga.