Kucha za Kijani

Tangu unga wa kila nyumba uanze kutiwa vibebeo, vile vidude vidogo kuliko vumbi vinavyobeba madini ya damu na kuyafungua ndani ya mwili, watu walimaliza kula kwa kutazamana kucha. Aliyelishwa, kucha ziligeuka kijani. Za Mwanaisha, binti wa Saumu, aliyezaliwa na damu pungufu, hazikuwahi kugeuka.

Leo, sinia la ugali na mchicha halijaisha, kidole gumba kikaanza.

"Mama, tazama. Na hiki. Na hiki."

Saumu akapiga kigelegele mpaka jirani akakiitikia. Akamkumbatia mtoto, anacheka huku machozi yanamtoka, kisha akamgeukia mama mkwe wake. "Mama, umeona? Damu imekubali."

"Nimeona, mwanangu. Alhamdulillahi."

Bibi alifurahi kweli, ila mkono wake wa kulia alikuwa ameuficha chini ya kanga. Saumu akauvuta taratibu. Kucha zilikuwa nyeupe.

"Tangu Ijumaa, nilipotimiza sabini," bibi alisema. "Wenzangu walishaniambia kwamba sabini ndio mwisho: ukifika hapo, vibebeo havikufungulii tena."

Saumu akalitazama sinia. Wote watatu walikuwa wamekula humo humo.